Mlango Wazi, Mtihani Mgumu

Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipopewa hati ya kifalme mwaka 1969, wako wasomi waliokibeza. Itakuwaje mtu asiye na cheti cha sekondari apokelewe, asomee nyumbani kwa posta na vipindi vya BBC, kisha aitwe mhitimu? Masomo yalianza Januari 1971. Mlango wa kuingilia ulikuwa wazi. Wa kutokea haukulegezwa. Wahadhiri wa vyuo vikuu vingine waliitwa kuikagua mitihani, ili shahada hiyo isiwe nyepesi kuliko zao. Heshima yake ilitoka hapo, wala si katika majengo.

Ukaguzi wa namna hiyo ndio wa kuutafuta hata leo, masomo yanapoletwa kwa intaneti. Nchini Uganda, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu lilipewa kazi hiyo kwa sheria ya mwaka 2001, pamoja na kulinganisha vyeti vya nje. Basi askari anayesoma baada ya zamu, na mkewe anayebana matumizi ili ada ipatikane, na waliulize Baraza kabla ya kulipa. Wasiulizie chuo tu, waulizie na kozi yenyewe: chuo chaweza kuwa na kibali, kozi ikawa haina, na cheti kikakataliwa siku ya kupandishwa cheo.