Triga Nyepesi Mno ni Hatari

Wengi wetu tumeiona katika sinema ile bastola ya Kimarekani yenye matundu sita ya risasi. Kampuni ya Colt ilianza kuliuzia jeshi la Marekani bastola hiyo mwaka 1873. Je, hufanyaje kazi?

Kwanza mtu huvuta nyundo nyuma kwa kidole gumba. Ncha ya triga, yaani kile chuma kinachovutwa kwa kidole, hunasa kwenye pengo dogo la nyundo. Triga ikivutwa, nyundo huachiwa na risasi hulia.

Huko Marekani wako wanaoona triga ni nzito, inawakosesha shabaha. Basi huchukua tupa na kupunguza lile pengo. Hapo ndipo penye hatari! Ni sawa na mtego wa panya: kijiti kikinasa kidogo mno, hufyatuka kwa kuguswa tu. Bastola ikifyatuka hivyo, pengine anayeumia ni mtoto aliye jirani.

Mara nyingine uzito ni uchafu tu au mafuta yaliyoganda. Basi risasi zitolewe zote, silaha isafishwe. Ikiwa bado nzito, kazi hiyo ni ya fundi wa silaha mwenye kibali. Tukumbuke: triga nzuri ni laini, lakini inashika.