Kufundisha Mwendo wa Atomi Juu ya Metali Yenye Vidato

Uso wa metali iliyosuguliwa vema huonekana laini kama kioo. Hata hivyo, kwa kipimo cha atomi, uso huo ni nyanda zilizopangana kama ngazi, na kimo cha kidato huweza kuwa cha atomi moja tu. Juu ya nyanda hizo atomi pweke hurukaruka kutoka kishimo hadi kishimo, ingawa metali yenyewe ingali yabisi.

Katika kulieleza jambo hili, mwalimu aweza kushawishika kutumia mfano wa mpira unaoporomoka ngazini. Mfano huo hupotosha. Mpira huteremshwa na uzito wake. Uzito wa atomi ni mdogo mno hata hauna athari hapa. Kinachoitawala atomi ni mvuto wa majirani zake.

Mwaka 1966 Gert Ehrlich na F. G. Hudda walichunguza atomi za tangsteni kwa hadubini ya ioni, chombo kilichobuniwa na Erwin Müller. Waliona kwamba atomi ikifika ukingoni mwa uwanda huelekea kurudi nyuma badala ya kushuka. Mwaka huohuo Schwoebel na Shipsey walieleza athari za jambo hilo katika ukuaji wa fuwele. Ndiyo sababu kizuizi hicho huitwa kwa majina ya Ehrlich na Schwoebel.

Kwa somo hili zana zitoshazo ni sinia, gundi na gololi za ukubwa mmoja.

1. Wanafunzi wabandike tabaka la gololi zinazogusana, kila ya katikati ikizungukwa na sita.

2. Juu yake wabandike tabaka la pili lenye ukingo ulionyooka, lifunike nusu tu.

3. Waweke gololi moja huru na kuhesabu majirani inaowagusa. Kishimoni mwa uwanda ni watatu. Chini ya kidato, ikiegemea ukingo, ni watano.

4. Waivushe polepole ukingoni kutoka juu. Wataona kwamba huwaacha majirani wa juu kabla ya kuwapata wa chini.

Hapo maana ya kizuizi huwa dhahiri: kuachana na majirani kwahitaji nishati, nayo hutokana na joto. Mwalimu asisahau kutaja upungufu wa zana hii. Gololi hazivutani wala hazitetemeki. Tena, katika baadhi ya metali atomi hushuka kwa kuisukuma atomi ya ukingoni na kuchukua nafasi yake.

Mwisho, wanafunzi waulizwe: kwa nini metali inayotandazwa juu ya uso baridi huweza kuota vichuguu? Aliyeelewa atajibu kwamba atomi zilizotua juu hushindwa kushuka, hukutana hukohuko, na kuanzisha tabaka jipya kabla la kwanza halijakamilika. Aliyeshikilia mfano wa mpira hataweza kulijibu swali hili.