Soma plagi kabla ya kununua dawa

JE, gari lako kuukuu la kabureta lakohoa asubuhi, halina nguvu mlimani na hunguruma hata baada ya kuzimwa? Huenda masizi yamejaa ndani ya injini. Usiharakishe kulipia oveholi.

Injini ikiwa baridi, fungua plagi uzitazame. Zikiwa nyeusi na kavu, petroli haiungui vyema: chujio la hewa limeziba, choki imekwama au safari zako ni fupi mno. Zikiwa zimelowa oili, ringi za pistoni au sili za vali zimechakaa. Hapo dawa haitafaa; muone fundi.

Kwa masizi makavu, weka plagi na chujio jipya. Washa injini nje, kwani moshi wake huua ndani ya chumba. Ikishapata moto, ondoa chujio, kanyagisha mafuta kiasi na upulize dawa ya kabureta mdomoni mwake, kidogo kidogo. Sigara iwe mbali!

Wapo wanaomimina maji. Usithubutu: maji hayashindiliki, na yakijaa silindani konrodi hupinda.

Kisha rudisha chujio, uliendeshe gari safari ndefu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.