Bunduki Mbaya au Risasi Mbaya?

Mlenga shabaha akikosa, watu hulaumu jicho lake au bunduki yake. Risasi husahauliwa. Napenda kuwaeleza wasomaji jinsi walengaji wa mashindano wanavyozipima risasi, kwani somo lake latufaa hata sisi tusio na bunduki.

Katika Olimpiki hutumika bunduki ndogo ya milimita 5.6 kulenga shabaha iliyo mbali meta 50. Duara la katikati, lenye alama 10, lina upana wa milimita 10.4 tu. Fataki ya risasi hizi imo ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo mlengaji hatengenezi risasi zake mwenyewe. Hana budi kutumia za kiwandani. Huko hutengenezwa kwa mafungu, na kila fungu lina namba yake kwenye kasha. Baruti au fataki ikibadilika kidogo, mwendo wa risasi nao hubadilika.

Na tufanye hesabu, tukiacha upinzani wa hewa. Risasi yenye mwendo wa meta 330 kwa sekunde hufika meta 50 ikiwa imeshuka milimita 112.5. Yenye mwendo wa meta 320 hushuka milimita 119.6. Tofauti yapata milimita 7, yaani zaidi ya nusu ya lile duara!

Basi hupimwaje? Kwanza, bunduki hubanwa kwa jiriwa, ili makosa ya mkono na jicho yasiingie. Pili, risasi 10 za fungu moja hupigwa kwenye karatasi moja, kisha hupimwa umbali wa matundu mawili yaliyoachana zaidi. Tatu, hufuata mafungu mengine, kila moja na karatasi yake. Mafungu yaliyofanya vizuri hupigwa tena, maana karatasi moja nzuri yaweza kuwa bahati tu. Viwanda vya Birmingham, Uingereza, na Schönebeck, Ujerumani, vina mahali pa kazi hiyo. Ajabu ni kwamba fungu linaloifaa bunduki moja laweza lisiifae nyingine ya aina ile ile, kwa kuwa mitutu haifanani kabisa. Bunduki ikishindwa kwa mafungu yote, hapo ndipo twaweza kuilaumu.

Jambo hili si geni kwetu wilayani Ludewa. Makaa ya mawe ya Mchuchuma hayakuhukumiwa kwa bonge moja. Yalichorongwa mashimo mengi, sampuli zikapimwa. Mifuko ya mbegu za mahindi zilizothibitishwa nayo huwa na namba ya fungu. Lakini mahindi yasipoota, hulaumiwa mvua, au udongo, au mtoto aliyepanda.

Wazazi wetu, kabla ya kupanda hesabuni mbegu 100, mzifunge katika kitambaa chenye unyevu, kisha mnawe mikono, maana zimetiwa dawa. Baada ya wiki moja hesabuni zilizoota. Mkifungua mfuko wenye namba nyingine, pimeni tena.

Mwanafunzi, Kidato cha IV