Nilifungwa Mkononi

Siku ya Jumapili, watu watokapo msikitini baada ya sala ya Alasiri, ukipita katika vichochoro vya Mji wa Kale hapa Mombasa huna haja ya kuuliza ni wapi wenzio wamekaa. Utasikia mwenyewe. Kwanza utasikia dhumna, maana hao hawana siri: kila kipande hupigwa juu ya meza kwa kishindo, kama mtu apigiliaye msumari. Mbele kidogo utasikia keram, na vijana wakicheka. Kisha, ufikapo penye baraza ya ami yangu, hutasikia ila mlio mdogo kama wa rasharasha ya mvua juu ya makuti. Hizo ni komwe zikitiwa katika mashimo ya bao.

Mimi nimekulia katika mlio huo, na huenda msomaji akashangaa nikimwambia kwamba aliyenifunza bao hakuwa mwanamume. Alikuwa nyanya yangu, mzaa baba. Barazani wanawake hawachezi, lakini uani kwetu mambo yalikuwa mengine. Alasiri akisha kuchagua mchele wake, alichimba mashimo mchangani kwa kidole gumba, safu nne za mashimo manane, akanituma nilete komwe zangu. Komwe tulizichuma wenyewe karibu na pwani, katika vichaka vya mkomwe vyenye miiba mikali. Ni mbegu ngumu za rangi ya kijivu, laini kama zimesuguliwa, na sisi watoto tulikuwa tukizisugua juu ya jiwe mpaka zipate moto kisha tukachomana nazo mikononi. Nyanya alizichukua kwa kazi bora zaidi kuliko hiyo. Alitia mbili mbili katika kila shimo, mashimo 32, kete 64, akasema, "Haya, bismillahi, cheza."

Hilo ndilo bao la kujifunza. Mtu huanza na shimo lolote lenye kete mbili au zaidi, akazigawa moja moja. Akimalizia katika shimo lake la safu ya mbele lenye kete, na shimo la mwenziwe linalolikabili lina kete pia, huzila hizo za mwenziwe na kuzipanda kwake. Akimalizia katika shimo tupu, amelala. Zamu ni ya mwenziwe. Safu ya nyuma hailiki. Na aliyemalizwa kete zote za safu ya mbele amefungwa. Nilidhani najua bao. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, nikampiga nyanya mara mbili kwa siku moja (sasa najua kwamba alijiachia), nikatoka mbio mpaka barazani kwa ami kumwambia kwamba nataka kucheza na wazee.

Ami hakucheka. Alinionyesha bao lake. "Shimo hili mbona ni la mraba?" akaniuliza. Sikujua. "Basi rudi kwa nyanya yako ukamalize ubwabwa."

Shimo la mraba ndilo nyumba. Ni la tano toka kushoto katika safu ya mbele ya kila mchezaji, na bila ya nyumba hakuna bao la Kiswahili. Bao la wakubwa haliandaliwi mbili mbili. Kila mtu hutia kete sita katika nyumba yake, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwake, basi. Zile 22 zilizosalia hukaa akibani, na kila zamu moja huingizwa uwanjani. Kipindi hicho ndicho namua. Kete za akiba zikiisha ndipo mtu huanza mtaji, ambapo huchezwa kwa zilizo katika mashimo peke yake. Na mtu akifungwa katika namua, akiba yake ingalipo, hiyo ni aibu yenye jina: amefungwa mkononi.

Mimi nayapenda maneno ya bao kuliko hata ushindi, labda kwa kuwa ushindi sikuupata mara nyingi. Mtaji ni neno la wafanya biashara. Takata ni kucheza pasipo kula, nawe walijua neno hilo kwa nguo na kwa moyo. Kichwa ni shimo la mwisho la safu ya mbele, upande huu na huu. Nyumba nayo ina mambo yake. Katika namua, mkupuo wa kula ukikuishia nyumbani mwako, una hiari: ulale hapo, ama uzichukue zote zisafiri. Watu wazima nimewaona wakiikodolea macho nyumba yao kwa dakika nzima, finjani ya kahawa imepoa mkononi, wasijue kama walale au wasafiri. Anayesafiri mapema hubaki hana kwao. Anayekawia, mwenziwe huja akamlia nyumba nzima.

Michezo ya mashimo na mbegu imeenea Afrika nzima. Waluo wana ajua, Wakikuyu wana giuthi, Wahabeshi wana gebeta, na pale Hyrax Hill karibu na Nakuru mashimo ya namna hiyo yamechongwa katika mwamba. Waarabu huuita mankala, kutoka neno la kuhamisha kitu toka mahali hadi mahali. Lakini mingi kati ya michezo hiyo ni ya safu mbili, wala haina nyumba wala namua. Alexander de Voogt, msomi wa Uholanzi, aliona kwamba hapa pana elimu ya kutafutwa; alikaa na mabingwa wa Unguja akichunguza wanavyofikiri, na mwaka 1995 utafiti huo ukampa shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden. Ami alipoambiwa habari hizi aliuliza jambo moja tu: "Alimfunga nani?"

Najua wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya upuuzi yapotezayo wakati wa Mwislamu. Neno hilo si dogo, wala silitupi. Kamari imeharamishwa, na hilo halina mjadala. Dadu zimekemewa na wanazuoni. Hata sataranji Imamu Shafii aliiona kuwa makuruhu. Lakini katika bao hakuna dadu, wala hakuna karata ya kufunikwa. Kila kete iko wazi machoni pa wote wawili, na mwenye kufungwa hana wa kumlaumu ila akili yake. Katika baraza ya ami sikuwahi kuona hata senti moja ikiwekwa. Na adhana ikilia, bao liliachwa vile vile lilivyo, kete zikabaki mashimoni. Wakirudi waliendelea pale pale, wala hapakuwa na ubishi nani alikuwa na ngapi wapi. Kwamba ziko baraza nyingine ambako Magharibi imewapita watu wakigawa kete, siwezi kukana. Mwenye kosa hapo ni mtu, si ubao.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Ami ana miaka themanini na ushei. Kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo alikuwa na mwenziwe mmoja wa bao, mzee wa Kiamu aliyehamia Mombasa na kufanya kazi ya useremala. Ni yeye aliyelichonga bao la ami, kwa mti wa mbambakofi, ule utumikao kwa milango ya Lamu. Kila mwaka wakati wa Maulidi walikuwa wakipanda basi pamoja kwenda Lamu, na baada ya ziara na kasida walikaa Mkunguni mbele ya ngome, wakatafuta wa kuwafunga katika mashindano ya bao. Miaka mitatu iliyopita mzee yule alifariki, Mungu amrehemu. Muda si mrefu macho ya ami nayo yakaingia giza. Bao likawekwa chini ya kitanda.

Hapo akaja mnunuzi wa vitu vya kale. Alikuwa mtu mwenye adabu, na fedha alizotaja hazikuwa kidogo. Binamu zangu walitazamana, maana paa la nyumba lilikuwa likivuja. Ami alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Wajua kucheza?" Yule bwana akacheka, akasema hajui, ila kuna mteja mwenye hoteli atakaye kulitundika ukutani. Ami akasema, "Basi wewe wataka mbao. Mbao zauzwa kwa maseremala." Binamu zangu walikasirika siku nyingi, nami siwalaumu. Paa linavuja hata leo.

Jioni ile ile aliniita. "Mwanangu, lipanguse vumbi ulilete barazani."

Nilijiona mjanja. Nilifikiri: mzee haoni, nami nina macho mawili na akili ya kadiri, leo nitakuwa mpole, nimwachie kama nyanya alivyoniachia. Nikaandaa kete. Ami akagusa nyumba yake, akagusa yangu, akatia kete ya kwanza. Kila nilipomaliza mkupuo alinyosha kidole akapapasa mashimo mawili matatu ya upande wangu, si yote, kama mtu ahakikishaye alijualo tayari. Mengine aliyahesabu kwa masikio, kete zilipokuwa zikianguka. Mimi nilikuwa nikisafirisha nyumba yangu ovyo kwa tamaa ya kula. Kete zangu zilipungua mbele zikarundikana nyuma, ambako hazinidhuru wala hazinifai. Nilipofungwa, akibani mwangu mlikuwa na kete tisa.

"Ngapi?" akauliza.

"Tisa, ami."

"Wacheza kama mtu afukuzwaye," akasema, akaanza kupanga upya.

Tangu siku hiyo nimekwenda karibu kila Jumapili. Mara moja nimefika mtaji. Lakini mchezo wenyewe umegeuka, kwa kuwa sasa tuko watatu. Mjukuu wa ami, kijana wa miaka kumi na minne, alikuwa akikaa ngazini na simu yake. Siku hizi bao limo hata ndani ya simu, nalo simu humchezea mtu kwa haraka na kumhesabia kila kitu. Akajifunza kanuni humo, tukashtukia siku moja anamwambia babu yake kwamba mkupuo alioufanya ulikuwa na njia bora. Ami akamwambia akae. Akafungwa mara nne mfululizo, mara mbili mkononi. Simu haimwambii mtu kwamba mwenziwe anamsoma anavyopumua.

Basi kijana akashikwa. Akataka bao lake mwenyewe, na la kununua hakutaka. Babu alimpa patasi na tezo alizoachiwa na yule marehemu, na ubao wa mlango mbovu uliong'olewa katika nyumba ya jirani. Akachonga kwa majuma matatu, vidole vikajaa plasta. Alipolileta, kwa macho lilikuwa zuri: pembeni alikuwa amekata nakshi za mawaridi kama za milango. Ami akapitisha kiganja juu yake, akatia kidole katika kila shimo, akanyamaza. Kisha akachukua gao la komwe akazigawa mbio mbio kama afanyavyo, na komwe tatu zikaruka zikaanguka chini.

"Kina kidogo," akasema. "Shimo la bao ni kama kiganja cha mtu apokeaye. Lataka litue kete, tena vidole viingie vizitoe zote mara moja. Maua baadaye."

Kijana hakusema neno. Nilidhani hatalishika patasi tena. Nilipokwenda Jumapili iliyofuata, na ile ya pili, hakuwako, na ami hakumtaja. Tulicheza sisi wawili, nikafungwa kama kawaida.

Jumapili iliyopita alikuja na bao la pili limefungwa katika kikoi. Hili halikuwa na nakshi hata moja. Lilikuwa zito, limepakwa mafuta ya nazi, na mashimo yamepigwa msasa hata yaking'aa. Akaliweka mbele ya babu yake bila ya kusema ni nini. Ami akazigawa komwe, taratibu kwanza, kisha kwa kasi yake. Hakuna iliyoruka. Mlio ukawa ule ule. Mwuza kahawa aliyekuwa akipita na dele lake akasimama kutazama.

Ami akapitisha kidole katika safu ya mbele, toka kushoto: moja, mbili, tatu, nne, tano. Akarudia tena. Akakunja uso.

"Nyumba iko wapi?"

Kijana akainama kutazama. Mashimo yote thelathini na mawili yalikuwa ya mviringo. Akajipiga kofi la paji la uso, akaruka ngazi mbili mbili kwenda ndani kutafuta patasi.

"Na ya mwenzio pia," ami akamwitia nyuma. "Ziko mbili."