Tumbo si cheo

Mfanya kazi mwenzangu, na wewe mama wa nyumba unayesoma ukurasa huu jioni, leo nina neno juu ya mambo mawili yanayopendwa sana na sisi wazee: politiki na tumbo. Labda utasema ya kwamba politiki ni ya Kinshasa, tumbo ni la munganga, na ukurasa wa usalama hauna kazi hapo. Ngoja kidogo. Utaona ya kwamba mambo hayo mawili hukaa kwenye kiti kimoja, na mara nyingi kiti hicho ni cha nganda.

Kwetu Katanga, tangu zamani, kukonda kulikuwa haya. Bwana akikonda, majirani walimsema bibi yake: hapiki. Mkubwa asiye na tumbo, watu waliuliza kama kweli ni mkubwa. Hata lugha zetu zinasema hivyo. Kwa Kibemba na kwa Kiluba, mtu akipata uchifu, wanasema amekula uchifu. Na kwa Kiswahili chetu, mtu wa politiki akipewa kiti, watu hawaulizi atafanya kazi gani. Wanasema: sasa naye anakula. Hivi tumbo likawa alama ya cheo, nasi tusio na cheo tukalitafuta vilevile.

Tusiwacheke wazazi wetu. Wakati wa Union Minière mfanya kazi alipokea posho yake: unga, maharagwe, mafuta, samaki, chumvi. Posho ile ilipimwa kwa mtu wa kuchimba na kubeba kwa mikono yake kutwa nzima. Mwaka 1967 serikali ikatwaa kampuni, na desturi ya kugawa unga ikaendelea miaka mingi chini ya Gécamines. Leo mashini inachimba, kamyo inabeba, na wewe umeketi masaa mengi juu ya kiti cha shofere. Kazi imebadilika, lakini mlima wa bukari kwenye sahani umebaki wa baba yako.

Wenye umri wangu wanakumbuka. Katika miaka ya 1970 kravati ilikatazwa, tukavaa abakosti. Tarehe 24 Aprili 1990 rais Mobutu akatangaza mwisho wa chama kimoja, na kravati ikarudi. Nguo zilibadilika, matumbo hayakubadilika. Ndipo nikafahamu ya kwamba tumbo halina chama.

Lakini usifikiri kila kukonda ni kuzuri. Hata kampuni inaweza kukonda. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400 000 za shaba. Mwaka 1994 ilitoa chini ya tani 40 000. Ule haukuwa mpango wa afya, ulikuwa ugonjwa: mashini zilichakaa bila kutengenezwa, mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na fujo za politiki zikamaliza nguvu iliyobaki. Mwili wako ni hivyo hivyo. Kuna kukonda kwa akili, na kuna kukonda kwa ugonjwa. Ukiona nguo zinalegea nawe hukubadilisha chakula, usifurahi. Ukikohoa majuma mawili, ukitoka jasho usiku, ama ukiwa na kiu na kukojoa mara kwa mara, nenda upesi kwa munganga. Inaweza kuwa kifua kikuu ama ugonjwa wa sukari. Sisi tuliovuta vumbi la mawe tuko katika hatari ya kifua kikuu kupita watu wengine.

Sasa tuje kazini, kwani hapo ndipo tumbo linapoleta ajali. Mtu mnene sana hukoroma usiku, na mara nyingine pumzi yake inakatika katika usingizi bila yeye kujua. Asubuhi anaamka amechoka kama hakulala. Mtu huyo akipanda kamyo kubwa ya karieri, anaweza kusinzia kwenye usukani, na kamyo haisinzii pamoja naye. Bibi yake ndiye shahidi wa kwanza. Mama, ukisikia bwana anakoroma, ananyamaza, kisha anashtuka kama mtu anayezama, usicheke: umtume kwa munganga. Tena, mukanda wa usalama wa kupanda juu, na ngazi pia, vina uzito wake ulioandikwa. Usome maandishi hayo kabla ya kupanda, na uhesabu vyombo unavyobeba. Na kule chini ambako joto ni kali, mwili wenye mafuta mengi unapata taabu kupoa, na moyo unapiga kazi mara mbili.

Namna gani utajua kama uzito wako umezidi? Chukua kilo zako, uzigawanye kwa urefu wako wa meta, na jibu uligawanye tena kwa urefu uleule. Mfano: mtu wa meta 1,70 mwenye kilo 87. Gawanya 87 kwa 1,70, unapata 51,2. Gawanya tena kwa 1,70, unapata 30,1. Kati ya 18,5 na 25 ni vizuri. Kupita 25, uzito umezidi. Kufika 30, ni unene wenye hatari. Tena chukua meta ya fundi wa nguo, upime kiuno: kwa mwanaume, kupita santimeta 94 ni onyo, kwa mwanamke, kupita 80. Mwisho, uombe wakupime tansio. Ikirudia kufika 14 kwa 9, usingoje kichwa kiume, kwani tansio haipigi hodi.

Mimi nimepita miaka 60, na munganga ameniomba nitoe kilo 8. Kwa miezi mitano, kilo 5 zimetoka. Hakuna dawa ya siri. Nilipunguza bukari nusu, nikaongeza lengalenga na matembele. Sombe inapikwa kwa mafuta kidogo, kwani kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori karibu 120. Maharagwe, samaki na yai vimebaki, kwa sababu mzee akijinyima hivyo, anapoteza nyama za mwili na miguu inakuwa dhaifu. Chumvi yote ya siku moja isipite kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile ya samaki mkavu.

Iliyobaki ilikuwa ile politiki ya nganda. Chupa kubwa ya pombe ina kalori karibu 300, sawasawa na saa moja ya kutembea kwa haraka. Kupindua serikali kwa maneno kunahitaji chupa tatu, bila kuhesabu mishikaki. Kila jioni wakubwa wa Kinshasa walibaki kwenye viti vyao, nasi tulirudi nyumbani na matumbo. Basi sisi wazee watano tukafanya shauri: politiki tunazungumza tukitembea, nusu saa, siku tano katika juma. Hiyo inafanya dakika 150, kadiri ile ambayo waganga wa dunia wanaomba. Kwenye maneno ya uchaguzi tunakwenda mbio. Kwenye bei ya unga tunakwenda mbio kupita. Na asiye na pumzi hawezi kupiga kelele, hivyo hata ugomvi umepungua.

Jambo moja nimejifunza katika mwendo huo. Ahadi ya kupunguza uzito ni ndugu ya ahadi ya kampeni. Tumepiga kura mwaka 2006, 2011, 2018 na 2023, na kila mara tulisikia barabara, maji na umeme. Tumezoea kumuuliza mbunge: vitu viko wapi? Haki. Lakini wewe uliyesema “nitaanza siku ya kwanza ya juma”, ni nani anakuuliza? Mizani. Mizani ni raia asiyeogopa mtu na asiyenunuliwa kwa shati la kampeni. Upande juu yake mara moja kwa juma, siku ileile, na uandike hesabu mahali ambapo bibi anaweza kuiona. Nusu kilo kwa juma inatosha. Anayekuahidi kilo 10 kwa mwezi mmoja anafanya kampeni.

Kwa hiyo jihadhari na wauzaji wa soko. Wako wanaouza vidonge vya kukondesha, na wako wanaowauzia wasichana deksametazoni ili wanenepe na wapate umbo. Dawa hiyo ni ya munganga. Ikitumiwa hovyo inapandisha sukari na tansio, na inavunja nguvu ya mifupa. Na wewe unayekunywa dawa ya sukari, usipunguze chakula kabla ya kumuuliza munganga, kwani sukari inaweza kuanguka ghafla ukiwa kazini.

Mama wa nyumba, neno kubwa liko mkononi mwako. Usipime upendo kwa urefu wa bukari. Watoto wanatazama sahani ya baba yao, na wanajifunza kwake nini maana ya kuwa mkubwa. Tuwafundishe ya kwamba mkubwa ni yule anayemaliza kazi yake vizuri na kurudi nyumbani mzima.

Kumbukeni basi, ndugu zangu: sahani ndogo, mafuta kidogo, chumvi kidogo. Miguu kila siku. Mizani kila juma. Tansio kwenye dispanseri. Serikali ya inchi tunaichagua kila miaka mitano. Serikali ya mwili tunaichagua kila siku mezani.