Siku nzima na Redio Taifa ukiwa Garissa: Je, wewe umo?

Najua unachowaza. Redio ni ya wazee. Wewe una simu, una TikTok, na bando likiisha unamwomba jirani waifai. Sawa. Lakini hebu jaribu kitu kimoja: chagua siku moja uiache KBC Radio Taifa iongee kuanzia asubuhi hadi usiku, ukiwa hapa Garissa, karibu kilomita 370 kutoka Nairobi. Halafu jiulize: hilo neno "taifa" kwenye jina lake, mimi nimo?

Asubuhi unaamka na Zinga la Asubuhi. Stori, utani, habari, wasikilizaji wanapiga simu. Wakati huo Bula Iftin chai iko jikoni na vijana wa bodaboda wanapangusa pikipiki. Sasa hesabu wanaopiga. Utamskia mtu wa Kitui, wa Kakamega, wa Kilifi. Subiri wa Wajir. Endelea kusubiri.

Saa saba mchana ni taarifa ya habari. Ukiskia "Kaskazini Mashariki", kabla sentensi iishe ushajua kinachofuata: ukame, mafuriko au shambulio. Na si kwamba wanadanganya. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na nchi ilipaswa kujua. Mvua za El Nino za 2023 zilipojaza maji barabara kule Madogo, msafiri alihitaji kujua kabla hajakata tiketi. Hizo ni habari. Shida ni kimya cha siku zingine zote. Soko la mifugo la hapa huuza ng'ombe na ngamia wanaoliwa mbali na hapa, wasichana wanafungua biashara, vijana wanacheza boli vumbini. Hiyo nayo ni Kenya, ama?

Alasiri ndio vipindi ambavyo wengi wenu mngezima: kilimo, afya, sheria, mafunzo. Usizime. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo naheshimu mwalimu asiyeitisha karo. Kumbuka 2020. Januari mwaka huo walimu watatu waliuawa Kamuthe, kisha TSC ikaondoa walimu wengi wasio wenyeji kaunti hizi. Machi, korona ikafunga shule nchi nzima. KICD ikapeleka masomo hewani, Radio Taifa ikiwemo. Mtoto wa Nairobi alikuwa na Zoom. Mtoto wa Fafi asiye na stima, kama mawimbi yalimfikia, alikuwa na redio ya betri zilizoanikwa juani ziamke tena.

Jioni ikifika, wazee hapa huhamisha mawimbi. Idhaa ya Kisomali ya BBC imekuwa hewani tangu 1957, na Star FM inaongea lugha ya nyumbani. KBC yenyewe ina Idhaa ya Mashariki kwa lugha kama Kisomali na Kiborana. Poa kabisa. Ila angalia kinachotokea: sisi tunasikizana wenyewe kwa wenyewe, na nchi nyingine inasikizana kwa Kiswahili bila sisi.

Na redio hapa haijawahi kuwa burudani tu. Wakati wa vita vya shifta, miaka ya sitini, Radio Mogadishu ilirusha matangazo hata kwa Kiswahili kuipinga serikali ya Kenya, na Nairobi nayo ikajibu. Amani ilipotafutwa 1967, kuacha propaganda za redio lilikuwa mojawapo ya mambo waliyokubaliana. Yaani watu waliogopa sauti karibu kama bunduki. Walijua anayeongea na wewe kila siku ndiye anakuambia wewe ni wa wapi.

Kwa nini basi hatupigi simu? Wacha niseme ukweli mchungu. Wengi wetu tunaogopa kuchekwa. Kisomali hakina sauti ya "p", kwa hivyo mzee akisema "bolisi", mchekeshaji anapata kipindi kizima. Umekua ukiskia lafudhi ya babako ikiwa kichekesho, kisha unaambiwa changia mjadala wa kitaifa. Nani atainua simu?

Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alianzisha kipindi chake 1966 na kukiendesha kwa miongo kadhaa kwa swali moja: je, huu ni ungwana? Aliuliza kuhusu tabia ndogondogo za kila siku, na Wakenya wakajicheka na kujirekebisha. Swali hilo linatoshea hapa. Kumcheka mtu anayejitahidi kuongea lugha ya taifa lake, je, huu ni ungwana?

Sasa zamu yako. Wewe wa Nairobi, ukiskia lafudhi yetu hewani, sikiliza hoja kwanza. Na wewe wa Garissa, Wajir au Mandera, kesho asubuhi wakifungua laini, piga. Ngeli zikikukataa, zikukatae. Sema bei ya maziwa ya ngamia imefika wapi, sema barabara iko aje, tuma salamu kwa shosho yako wa Balambala. Mtangazaji hawezi kusoma jina ambalo halijatumwa.